Kuamsha Starlet ya turbo iliyolala miaka uani Tabora

Starlet ya turbo, iwe EP82 GT au EP91 Glanza V, ina injini ya 4E-FTE ya cc 1331. Ikikaa miaka mitano uani Isevya au Cheyo, kila anayepita atakuambia funga betri mpya, piga stata, itawaka tu. Huenda ikawaka kweli. Lakini katika dakika hizo chache kutu iliyoshika kuta za silinda itakuwa imekwangua ringi, bearingi za turbo zitakuwa zimezunguka kavu, na petroli iliyogeuka gundi itakuwa imeshafika kwenye nozeli, vile vinyunyizio vya mafuta.

Hayo yote yanatibika kwa oili, mipira mipya na subira. Kinachoziua hasa injini hizi zinapoamshwa ni kazi za waliotangulia: busti (presha ya hewa ambayo turbo inaisukumia injini) iliyopandishwa, waya zilizosokotwa na kuzungushiwa selotepu, kifaa cha kudanganya sensa ambacho hakuna anayekumbuka nani alikifunga. Kwa hiyo shughuli inaanza na daftari, spana baadaye.

Ujue gari lako limefanywa nini

Fungua boneti, fuata mipira na waya mmoja mmoja, uandike. Turbo ya kiwandani ni CT9, ndogo, na intakula yake, kile kipoza hewa, imelala juu ya injini chini ya tundu la boneti. Ukikuta turbo kubwa zaidi, nozeli na kontrol boksi (kompyuta ya injini) navyo vilipaswa kubadilishwa. Kama havikubadilishwa, gari lilikuwa likikimbia na hewa nyingi na mafuta kiduchu, na pistoni huenda zimeshaumia kabla hata halijaegeshwa. Hapo weka kipimo cha kompresheni mbele ya mipango mingine yote.

Kisha tafuta mpira mwembamba unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye kopo la akchueta, linalofungua wastegeti, yaani kilango cha kupunguza nguvu ya turbo. Ukikuta katikati yake kuna kavalvu ka kuzungusha kwa mkono, hiyo ndiyo busti kontrola ya bei chee. Itoe, unganisha mpira moja kwa moja, ili busti iongozwe na springi ya akchueta peke yake. Mpira wenyewe ubadilishe hata kama unaonekana mzima. Ukichomoka au kupasuka, wastegeti haifunguki na busti inapanda bila breki.

4E-FTE haina mita ya hewa. Inasoma presha kwa sensa ya MAP. Kontrol boksi ya kiwandani ikiona presha imezidi, inakata mafuta ili kuiokoa injini, na dereva anahisi kama amegonga ukuta. Wengi waliichukia hali hiyo wakafunga kikopo kidogo kwenye waya wa sensa, kinachoiambia kompyuta kwamba presha iko chini kuliko ilivyo. Kikopo hicho hakiongezi mafuta hata tone, kinaondoa ulinzi tu. Kiondoe, urudishe waya kwa kuuchomelea lehemu, si kwa kusokota. Valvu ya kupumulia inayotoa hewa nje, ile inayopiga "pshhh", unaweza kuiacha kama unaipenda. Kwa injini isiyo na mita ya hewa madhara yake ni madogo, mradi haivuji injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa mafuta.

Wapangaji

Tabora gari likisimama linapata wapangaji. Nyigu wa matope hujenga kwenye tundu lolote la kuingia kidole: mkia wa eksozi, mdomo wa hewa, mpira wa kupumulia tenki. Huo wa mwisho ndio msumbufu. Ukiziba, gari linawaka vizuri, linatembea kilomita chache, kisha linakohoa na kuzima kwa sababu tenki limejivuta utupu. Watu hubadilisha pampu mbili bure. Dalili ni mfyonzo mkubwa wa hewa unapofungua kifuniko cha tenki.

Mchwa hawali chuma, ila wanakula ubao wa buti na kitambaa cha chini ya zulia, na udongo wao unahifadhi unyevu juu ya bati. Ng'oa zulia lote, kwangua udongo, gonga sakafu kwa bisibisi. Panya hupenda kiota juu ya injini na chini ya dashibodi. Angalia waya za nozeli na za distribyuta. Kama gari lilikaa chini ya mwembe, majani yameziba mifereji ya chini ya kioo cha mbele na maji yameingia miguuni mwa abiria. Chomoa soketi za kontrol boksi utazame kama pini zimeota ukijani. Nyuki wakiwa wamehamia ndani ya mlango, usimwage petroli wala kuwasha moto: warina asali Tabora si wa kutafuta kwa tochi, mwite mmoja aje jioni.

Petroli ya zamani

Petroli iliyokaa mwaka na zaidi inanuka kama vanishi. Usiichanganye na mpya ukidhani itapoa. Mwaga yote, toa pampu, mulika ndani ya tenki. Utando wa kahawia unaooshika kwa petroli safi ni wa kawaida. Kutu ya magamba maana yake tenki lishuke, lisuguliwe, au utafute jingine. Kipande kifupi cha mpira kilicho ndani ya tenki, juu ya pampu, lazima kiwe cha aina ya kuzama kwenye petroli. Mpira wa kawaida unaouzwa kwa mita unalainika, unapasuka, na presha inarudi tenkini huku ukimlaumu fundi wa nozeli.

Badilisha filta ya mafuta na mipira yote ya petroli ndani ya boneti, kwa mipira ya presha ya EFI (mfumo wa kunyunyiza mafuta unaoongozwa na kompyuta) na klipu zake. Nozeli zioshwe kwenye mashine, zifungwe na oringi mpya. Ukishafunga, usipige stata bado. Kwenye kiboksi cha uchunguzi ndani ya boneti unganisha FP na +B kwa kipande cha waya, washa swichi: pampu itazunguka injini ikiwa imelala. Iache dakika kumi, pitisha tochi na kitambaa kikavu kwenye kila kiungo, mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi. Hapa ndipo magari ya namna hii hushika moto.

Injini kabla ya stata

Toa plagi zote nne. Kwenye kila tundu tia kijiko cha mezani cha mchanganyiko wa nusu dizeli nusu ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki), acha usiku kucha, au siku mbili kama gari lilikaa wazi bila filta ya hewa. Kamera ndogo ya kuchomeka kwenye simu itakuonyesha kuta za silinda. Madoa mepesi ya kutu sawa. Mstari mnene wa kutu pale ringi zilipokaa maana yake hedi ifunguliwe.

Zungusha krenki kwa soketi na mpini mrefu, kwa upande injini inaokwenda, mizunguko miwili kamili. Ikigoma, rudi nyuma robo, ongeza mafuta, subiri. Usiongeze bomba kwenye mpini. Kinachogoma kinaweza kuwa ringi, na kinaweza kuwa valvu iliyoganda kwenye gaidi yake, na hiyo ukiilazimisha inaweza kuharibika.

Taimingi belti ibadilishwe bila kusoma mita ya kilomita. Imekaa miaka imepinda pale pale kwenye puli, na mpira wake umekauka. Badilisha pamoja na bearingi za kukazia, sili ya krenki na sili ya kamshafti. Maduka ya Tabora yana spea nyingi za 4E-FE ya kawaida, na nyingine zinaingiliana, lakini nenda na ya zamani mkononi ulinganishe meno na upana. Za turbo tupu mara nyingi huagizwa Gerezani, Kariakoo, zikaja kwa basi.

Turbo inataka muda wake. Fungua bomba la hewa, zungusha feni kwa kidole: iende laini bila kukwaruza. Isukume ndani na kuivuta nje: mchezo usihisiwe, au uhisiwe kwa shida sana. Pembeni mchezo kidogo unaruhusiwa, ila bapa lisiguse ukuta. Fungua bomba la kuingiza oili, dondosha oili safi kijiko cha chai, zungusha tena kwa mkono. Bomba la kurudisha oili lilishushe ulitazame. Oili iliyoungua hulijaza kaboni, na likiziba, oili inapita sili na kutoka kama moshi wa bluu. Turbo nyingi nzima zimetupwa kwa sababu ya bomba hilo.

Tia oili mpya 10W-40 na filta mpya. Inachukua lita tatu na ushee: mimina tatu kwanza, kisha fuata kijiti cha kupimia oili. Sasa chomoa fyuzi ya EFI na soketi ya distribyuta, plagi zikiwa bado nje, upige stata kwa sekunde kumi na kuipumzisha nusu dakika, hadi taa ya oili izime. Ukipiga mara tano sita bila taa kuzima, acha utafute sababu.

Ukiwa hapo hapo pima kompresheni, pedeli ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi chini. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, hivyo geji itasoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam. Usikimbilie kuihukumu injini kwa namba ya kitabuni. Kinachosema kweli ni tofauti kati ya silinda na silinda: isizidi baa 1. Moja ikiwa chini sana, tia oili kidogo humo upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Maji

Fungua sehemu ya thamostati kwanza. Uwezekano ni mkubwa kwamba fundi fulani aliitoa "ili injini ipoe vizuri". Kwa injini ya EFI huo ni msiba wa polepole: haifikii joto lake, kontrol boksi inaendelea kumwaga mafuta mengi kana kwamba ni asubuhi, na petroli inaosha oili kwenye silinda. Funga mpya ya nyuzi 82. Osha rejeta hadi maji yatoke meupe, badilisha mipira yote, tia kulanti nusu na maji ya betri yasiyo na asidi nusu. Maji ya kisima yana chumvi. Kifuniko cha rejeta kiwe kipya, cha 0.9. Kwa urefu huu maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 tu, presha ya kifuniko ndiyo inayokuokoa.

Breki na matairi

Hapa hakuna ujanja. Kalipa zifunguliwe, pistoni zikiwa na kutu zibadilishwe, sili mpya, mipira mipya ya magurudumu yote. Toa mafuta yote ya breki ya zamani, tia DOT 4, na utoe upepo ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Padi ambazo kitambaa chake kimeanza kubanduka kwenye bati, tupa. Tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Zilizopita miaka kumi hazifai hata kama kashata zimejaa. Bima na stika ya usalama barabarani shughulikia kabla hujatoka getini.

Kuwasha mara ya kwanza

Plagi mpya, mwanya milimita 0.7 hadi 0.8. Kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi. 6 au 7 zinaifaa injini hii, 5 ya Starlet ya kawaida iache. Rudisha fyuzi na soketi, piga stata bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, la sivyo zima. Moshi mweupe wa dakika mbili tatu ni dizeli na ATF ulizotia. Ukiendelea na kunukia utamu, ni kulanti. Usipige resi. Subiri hadi feni ya rejeta iwake na kuzima yenyewe mara mbili.

Injini ikiwa moto, unganisha TE1 na E1 kwenye kile kiboksi, mulika puli kwa taa ya taimingi: alama ikae nyuzi 10. Mara nyingi utakuta distribyuta imesogezwa mbele ili gari "liwe jepesi". Irudishe. Zima, subiri ipoe, mwaga oili ile na filta, tia nyingine. Oili ya kwanza ilikuwa ya kuoshea.

Toka barabara ya Nzega asubuhi, usiende mbali, ukae chini ya mizunguko 3,500 na nje ya busti. Kilomita 200 za kwanza ziwe hivyo, ukikagua kulanti na oili kila siku. Baada ya hapo ruhusu busti ya springi peke yake, kisha toa plagi uzisome. Kauri ya kahawia hafifu ni sawa. Nyeupe kama chokaa, au yenye vitone vidogo vinavyong'aa, ni injini inayogonga: acha busti kabisa hadi ujue mafuta yanapungukia wapi.

Kama gari lilitengenezewa busti kubwa likiwa Japani, kumbuka taimingi na mafuta yake vilipangwa kwa petroli ya haiokteni ya kule, ambayo mara nyingi ni oktani 100. Ya pampu zetu iko chini ya hapo. Usirudishe ile kontrola kabla ya kufunga geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, na ukiirudisha panda kidogo kidogo ukisoma plagi kila hatua.