Kabla ya Kwenda Kupima Ini

Ukiwa umepangiwa kupima ini katika hospitali za kusini kama Ligula, Ndanda au Nyangao, anza na wazee wa nyumbani. Uliza nani katika ukoo alikufa tumbo limejaa maji na macho ya manjano, hata kama msibani ilisemwa karogwa. Jibu lina uzito. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umepanua mlango wa kuanza dawa za homa ya ini B, na kuwa na ndugu wa damu aliyeugua saratani ya ini ni mojawapo ya sababu za mwenye virusi kuanzishiwa dawa mapema.

Kama hujawahi kupimwa homa ya ini B, omba upimwe siku hiyohiyo. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo asijihesabu amekingwa. Ukikutwa huna, ulizia chanjo: sindano 3, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza. Ukikutwa nayo, mwenza na watoto wapimwe pia. Virusi hivi huweza kuleta saratani hata kwa kijana asiyeonja pombe.

Pombe nayo isifichwe. "Kidogo tu" haimsaidii daktari. Sema ni uraka au nipa, hizi pombe za mabibo, vikombe vingapi, na kama ni msimu wa mabibo tu au mwaka mzima. Beba dawa zote unazotumia, pamoja na ile ya mizizi iliyo kwenye chupa ya soda isiyo na lebo. Aliyekuuzia hayupo pale, huna wa kumwonea haya.

Kabla hujatoka, pekua na karanga zako. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi hubeba sumukuvu, na sumukuvu ikikutana na virusi vya B katika mwili mmoja, hatari ya saratani hupanda mno. Kukaanga hakuiondoi yote. Tupa, usizisage ukatilia mboga, wala usiwape kuku. Najua inauma, hasa mwezi wa njaa.

Altrasaundi ya tumbo hutaka mtu aliyekaa bila kula saa 6 hadi 8, maana chakula hukunja kifuko cha nyongo na gesi huziba picha. Mwenye kisukari aulize kwanza.

Kupandikizwa ini ndilo swali linalokuja haraka, na habari za ini la nguruwe aliyebadilishwa vinasaba, lililowekwa China mwaka 2024 kwa mtu ambaye ubongo wake ulishakufa, zimewapa wengi matumaini. Hayo bado ni majaribio. Kigezo kinachotumika sana tangu 1996 kuamua kama mwenye saratani ya ini anafaa kupandikizwa ni kile kiitwacho cha Milan: uvimbe 1 usiozidi sentimita 5, au uvimbe 2 hadi 3, kila mmoja usiozidi sentimita 3, na usiwe umeingia kwenye mishipa mikubwa ya damu. Ndiyo maana aliye kwenye hatari huambiwa arudie altrasaundi kila miezi 6, uvimbe ukutwe ungali mdogo. Ndugu akitaka kumegewa ini lake kwa ajili yako, ajue kundi la damu lake, na ini lake nalo litapimwa.

Ukimaliza, usitoke bila nakala ya picha na majibu ya damu. Ukipewa rufaa ya Muhimbili ukafika bila karatasi, Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550.