Somo: kuunga kadi mbili za netiwaki kwa seva ya Linux, moja ikifa nyengine ishike

Haya jamaa, wengi mmeuliza hii kitu kwa hivyo naiweka hapa mara moja. Seva nyingi huja na matundu mawili ya netiwaki na watu watumia moja tu, na hapa Mombasa na hii hewa ya chumvi pini za plagi zashika kutu, ofisi nzima yalalamika intaneti mbovu kumbe ni plagi tu.

Kwanza kaa mbele ya seva yenyewe na skrini na kibodi. Usifanye hii kazi ukiwa nyumbani Mtwapa umeingia kwa SSH (kuamrisha seva kwa mbali kupitia netiwaki), ukikosea umejifungia nje na foleni ya daraja la Nyali waijua.

Andika `ip link` uone majina ya kadi, zangu ni eno1 na eno2. Kwa wale wa AlmaLinux, Rocky au Fedora (aina za Linux), amri hizi zatengeneza bond0, kadi ya bandia inayounga hizo mbili:

```
nmcli con add type bond con-name bond0 ifname bond0 bond.options "mode=active-backup,miimon=100"
nmcli con mod bond0 ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.10.5/24 ipv4.gateway 192.168.10.1 ipv4.dns 192.168.10.1
nmcli con add type ethernet con-name bond0-a ifname eno1 master bond0
nmcli con add type ethernet con-name bond0-b ifname eno2 master bond0
nmcli con up bond0-a
nmcli con up bond0-b
```

Hio active-backup ni modi ya kadi moja kufanya kazi na nyengine kungoja, na miimon=100 maana yake kila milisekunde 100 kenel (kiini cha Linux) inaangalia kama waya uko hai. IP inakaa kwa bond0, si kwa kadi, na ile koneksheni ya zamani ya eno1 izime autoconnect (kujiwasha yenyewe) la sivyo ukiriboot itarudi kukuvurugia.

Sasa jaribu kikweli: acha ping (amri ya kupima kama seva yajibu) ikiendelea, soma `cat /proc/net/bonding/bond0` uone kadi gani inafanya kazi, halafu ng'oa waya wake. Ping itayumba kidogo tu iendelee. Kama haukung'oa waya basi haujajaribu, usinidanganye.

Na tafadhali, kadi mbili kwa swichi moja kwa soketi moja ya umeme, hapo umejikinga na waya na kadi tu. Weka swichi mbili, kila moja na UPS (betri ya akiba) yake.

Maswali

*Spidi itakuwa mara mbili?*
La, modi hii kadi moja yafanya kazi nyengine yangoja. Ukitaka zote zibebe tumia modi ya 802.3ad, lakini swichi lazima ijue LACP (lugha ya seva na swichi kukubaliana kuunga waya), na hata hapo koneksheni moja hupita kadi moja.

*Swichi yangu ni ya bei ya chini, itakubali?*
Itakubali, active-backup haiombi kitu kwa swichi.

*Je swichi iko hai lakini waya wa kwenda kwa rauta umekatika?*
Swali zuri sana hili, miimon haitajua, yenyewe yaona mpaka kwa swichi tu. Toa miimon uweke `arp_interval=1000,arp_ip_target=192.168.10.1`, seva iwe inamuuliza rauta mwenyewe. Usiweke zote mbili.

*Na kebo ya baharini ikikatika?*
Hehe, TEAMS na SEACOM zilitua hapa hapa kwetu 2009 lakini bond0 haifiki huko, tafuta laini ya pili ya intaneti.

*Sisi wa Ubuntu seva?*
Ni netplan (chombo cha Ubuntu cha kupanga netiwaki), sehemu ya `bonds:`. Ila msitegemee `netplan try` (amri ya kujaribu mipangilio kwanza) kuwarudisha nyuma, mambo ya bondi hairudishi.