Kabla ya kipimo cha bronkoskopi: unapokohoa damu na chanzo hakijajulikana

Damu ikionekana kwenye makohozi, mawazo ya mtu hukimbilia kifua kikuu au saratani. Ni sawa, na daktari naye ataanza na hayo pamoja na nimonia na mkamba. Lakini wapo wachache ambao makohozi yao yanapimwa na kukutwa safi, eksirei haionyeshi kitu, wanapewa dawa ya kikohozi, kisha baada ya wiki kadhaa damu inarudi. Kwa baadhi yao chanzo ni kinyama kilichoota ndani ya bomba kuu la hewa au kwenye matawi yake, na kinyama hicho si saratani. Hutafutwa kwa bronkoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaoingizwa kwenye njia za hewa.

Vinyama hivi ni vya aina nyingi, na vyote ni adimu. Hamatoma huwa na mafuta na gegedu ndani yake. Papiloma huletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na ya 11. Hemanjioma ni fundo la mishipa ya damu, na hata ikiwa ndogo inaweza kuvuja vibaya. Kwa hiyo usitulie ukisikia neno “si saratani”. Nafasi yote ya njia za hewa za mtu mzima ni takriban mililita 150 tu. Anayekohoa damu nyingi huzibwa pumzi kabla hajaishiwa damu.

Maandalizi huanzia nyumbani. Hakikisha kwanza damu inatoka wapi. Ya kifuani mara nyingi ni nyekundu ya kung'aa na ina povu. Ya tumboni huwa nyeusi-nyeusi kama machicha ya kahawa, pengine na mabaki ya chakula. Ya puani huteremka nyuma ya koo ukiwa umelala, asubuhi ukaitema. Temea kwenye tishu nyeupe, piga picha, andika tarehe na kiasi. Kijiko cha chai ni mililita 5. Ukisema “vijiko viwili tangu jana usiku” daktari anapata picha kamili kuliko ukisema “damu nyingi”.

Andika pia historia ambayo pengine hukuihusisha na damu. Je, umetibiwa pumu miaka mingi na dawa ya kuvuta haisaidii? Unasikia mluzi upande mmoja tu wa kifua? Nimonia inakurudia palepale, kwenye pafu lilelile? Hizo ni dalili za njia iliyozibwa nusu. Beba picha zote za zamani, hata zile ulizoambiwa hazina tatizo, kwa sababu kinyama kidogo ndani ya bomba la hewa hujificha kirahisi kwenye eksirei.

Dawa ndizo zinazosahauliwa zaidi. Taja kila kitu unachomeza, na mitishamba usiiache. Kati ya dawa za kuzuia damu isigande, warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 hivi kabla ya kukatwa kipande cha kinyama kwa ajili ya kukipima, na klopidogreli siku 5 hadi 7. Aspirini mara nyingi huachwa iendelee. Tafadhali usijisimamishie mwenyewe. Mwenye kijibomba kwenye mshipa wa moyo akiacha klopidogreli bila ushauri anaweza kupata shambulio la moyo huku akijaribu kuepuka damu ya kifuani.

Kuna swali moja ambalo ningependa kila mgonjwa aliulize: je, nitapigwa picha ya CT (eksirei ya kompyuta) yenye dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani kabla ya kuingizwa mpira wa kamera? Kinyama chenye mishipa mingi hung'aa kwenye picha hiyo, na daktari akikijua mapema hatakimega ovyo, maana kukimega kunaweza kufungulia damu ambayo ni kazi kubwa kuizuia. Uliza pia kama hapo pana vifaa vya kuzuia damu na daktari wa upasuaji wa kifua anayeweza kuitwa. Kama una tatizo la figo au ulishawahi kudhuriwa na dawa ya picha, sema mapema.

Siku yenyewe, chakula huachwa saa 6 kabla na maji saa 2 kabla, isipokuwa umeelekezwa vingine. Nenda na mtu wa kukurudisha. Ukipewa dawa ya usingizi usiendeshe gari hadi kesho yake. Michirizi ya damu baada ya kukatwa kipande ni ya kawaida kwa siku moja hivi.

Ikizidi, au pumzi ikikata kabla hata siku ya kipimo haijafika, usisubiri miadi. Kimbilia huduma ya dharura, na njiani lala kwa ubavu wa pafu linalovuja, liwe chini, ili damu isimwagikie pafu la pili lisilovuja. Kwa hiyo, picha zikishaonyesha ni pafu lipi, la kulia au la kushoto, mwambie na unayeishi naye.