Jinsi ya kumrudisha trauti wa asili kwenye kijito cha mlimani

Watu wananiuliza sana, hivi nyie huku Colorado mnaopanda milima na mifuko ya samaki mgongoni mnafanyaga nini? Haya, ngoja niwape hatua zenyewe. Na wa Nyeri msinitukane, trauti wa mito yenu alikuja na wakoloni, mimi naongelea mto ambao trauti ndo mwenyeji.

Hatua ya 1: jua unamrudisha nani. Usicheke. Grinbeki, yule trauti wa asili wa huku, alitangazwa ametoweka mwaka 1937, baadaye wakadhani wamempata wakawa wanampandikiza miaka na miaka, 2012 wataalamu wakapima vinasaba vya samaki wa kale waliohifadhiwa makumbusho, kumbe siye! Grinbeki halisi alikuwa amebaki kijito kimoja tu, Bear Creek karibu na Colorado Springs. Kwa hiyo kata kapezi kidogo, peleka maabara kwanza.

Hatua ya 2: tafuta poromoko la maji la kuwazuia wageni, yaani samaki wa kuletwa, wasipande tena. Maji yaangukie mwambani, sio kwenye dimbwi, maana samaki akipata kina cha kujirushia anapita.

Hatua ya 3: ondoa wageni, na hapa ndo kazi ilipo. Mgeni mkubwa huku ni bruku trauti, kaletwa kutoka mashariki ya Marekani, yeye anataga kabla ya baridi kali na mwenyeji anataga theluji ikiyeyuka, so watoto wa mwenyeji wanatoka wakati wa mgeni washanenepa. Dawa ni rotenoni. Mliokulia kijijini mnaijua, ni ileile iliyomo kwenye utupa, ule wa kutwanga na kumwaga mtoni samaki wakaelea. Bila kibali cha serikali usiguse! Unapanga madumu kando ya kijito yadondoshe dawa taratibu, halafu kule chini wenzako wanatia potasiamu pamanganeti kuua sumu, maji yanakuwa zambarau. Sasa vichemchemi vya pembeni, pulizia vyote kwa bomba la mgongoni. Mwaka wangu wa kwanza tuliruka kamoja kalikofunikwa na majani, upana wa sufuria ya ugali tu, mwaka uliofuata vitoto vya wageni kibao, tukaanza upya.

Hatua ya 4: chota maji upime kama yana vinasaba vya mgeni. Yakiwa nayo, rudi hatua ya 3, hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 5: pandikiza. Usimwage samaki kama unamwaga maji ya vyombo, acha mfuko uelee kijitoni kwanza mpaka joto lilingane. Mmoja ukimgeuza utaona mstari mwekundu chini ya taya kama kakatwa na wembe.

Baada ya hapo ni kusubiri tu. Kijito cha Herman Gulch, magharibi ya Denver, walianza kupandikiza 2016, ikaja kutangazwa 2022 kwamba wanazaana wenyewe. Wewe kila mwisho wa kiangazi chungulia pembeni maji yanapotulia, ukiona vitoto saizi ya njiti ya kiberiti na mwaka huo hujapandikiza kitu, hao wamezaliwa hapohapo. Angalia usiwakanyage.