Mgongo na kisigino kwa sisi wa cherehani ya kukanyaga: namna ya kuanza mazoezi

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani katikati ya mji wa Moshi, na umri wangu umeshavuka hamsini. Mafundi wenzangu, wanawake kwa wanaume, hawaachi kuniuliza swali lilelile: kiuno kinauma, kisigino kinachoma, daktari kasema nifanye mazoezi, sasa nitayafanyaje wakati hata kusimama ni kazi? Nawajibu wote kwa mpigo mmoja.

Kabla ya zoezi lolote uwe na kipimo, na kipimo chenyewe ni hatua zako za kwanza asubuhi. Chini ya unyayo kuna utepe mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Utepe huo ukichoka kwa kusimama, uzito au viatu vibaya, unaumia pale unaposhikana na kisigino. Usiku mguu umelegea, utepe umetulia. Asubuhi unaukanyaga ghafla na unakuchoma kama umekanyaga msumari. Ukitembea kidogo maumivu yanapoa, jioni yanarudi. Kwa hiyo fanya zoezi leo, matokeo yasome kesho ukishuka kitandani. Hatua za kwanza zikiwa kama za jana au nafuu, endelea. Zikiwa zimezidi, ulipitiliza; kata zoezi nusu, lakini usiliache. Mgongo nao usome hivyohivyo. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si neno kama yanatulia baadaye. Yakianza kuteremka mguuni kupita goti, au yakilala na wewe hadi kesho yake, punguza.

Zoezi la kwanza linafanyika kabla hujagusa sakafu. Kaa ukingoni mwa kitanda, mguu unaouma uweke juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea kwenye ugoko mpaka usikie unyayo unakaza. Hesabu taratibu hadi kumi, achia. Rudia mara kumi. Mwenye tumbo kubwa asiyefika vidoleni apitishe kipande cha kanga chini ya vidole na kuvuta ncha zake mbili. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na ile ya alfajiri isikose. Halafu vaa ndala ndipo usimame. Nyumba zetu za siku hizi zina vigae, na kigae cha Moshi mwezi wa Julai ni baridi na kigumu. Kisigino kinachouma hakikitaki.

Mchana, ukiwa kazini, simama ukiangalia ukuta. Mikono ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino chini. Sogea mbele hadi kigimbi kivutike, kaa hapo nusu dakika. Kisha kunja kidogo goti la mguu huohuo wa nyuma, kisigino kikiwa bado chini, nusu dakika nyingine. Wateja watacheka. Waache wacheke, nguo zao bado unazo wewe.

Baada ya wiki kadhaa, asubuhi zikianza kuwa nafuu, ongeza zoezi la kuupa mguu nguvu. Viringisha mabaki ya kitenge yawe mnene kama kidole gumba. Simama kwenye ngazi ya baraza ukishika nguzo, vidole vikiwa juu ya kitambaa na kisigino kikining'inia nje. Panda kwa kuhesabu tatu, tulia kwa kuhesabu mbili, shuka kwa kuhesabu tatu. Mguu mmoja ukikushinda, tumia yote miwili. Zoezi hili ni siku moja ndiyo, moja hapana, maana msuli unajijenga ukiwa umepumzika. Watu wengi huliruka kwa sababu haliwapi raha ya papo hapo kama kuchuliwa, nami naona ndilo lenye faida ya kudumu.

Jioni, kama una jirani mwenye friza, mwombe akugandishie maji kwenye chupa ya nusu lita. Vaa soksi, viringisha unyayo juu ya chupa dakika tano hadi kumi. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asifanye hivi, wala asichovye miguu kwenye maji ya moto, kwa kuwa anaweza kuungua asijue.

Sasa mgongo. Hapa Moshi mtu kiuno kikimuuma, jibu la kwanza la mtaani ni figo, anakimbilia duka la dawa kununua antibaotiki. Maumivu ya figo mara nyingi hukaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, na huja na homa au mabadiliko ya mkojo. Maumivu yanayobadilika unapoinama, unapokaa au unapojigeuza kitandani kwa kawaida ni ya misuli na maungio. Hayo hayataki kitanda. Siku moja mbili za kupumzika zinatosha. Ukilala wiki nzima misuli inalegea na mgongo unazidi kuwa mgumu.

Mazoezi yake fanya jioni juu ya mkeka, mwili ukiwa umeshapata moto. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Yalaze magoti polepole kulia, kisha kushoto, mara kumi. Kisha nyanyua makalio mpaka kiuno kinyooke na mapaja, hesabu hadi tano huku ukipumua, shusha taratibu. Mwisho piga magoti na mikono chini kama unapiga deki, kunja mgongo kwenda juu, urudishe, bila haraka. Yatosha kwa kuanzia. Asubuhi usiukurupushe mgongo. Ukiamka tu usiinamie ua na ule ufagio mfupi wa njiti. Ufunge kwenye mpini mrefu, ufagie umesimama. Ndoo kubwa ya maji igawe iwe mbili ndogo, moja kila mkono.

Kwenye cherehani yenyewe adui ni kukaa namna moja. Kiti cha plastiki kinakuvuta nyuma, unabaki umepinda. Kunja vitambaa uweke nyuma ya kiuno, makalio yote yafike mwisho wa kiti. Kwenye pedeli badilisha mguu unaotangulia. Mimi pasi yangu ya mkaa nimeiweka mbali makusudi, ili kila mshono unaotaka kupigwa pasi uninyanyue. Pindo hazijawahi kukosekana.

Kutembea ndiko kunakojenga pumzi, ila ardhi ya Moshi ina siri yake: mji umeinamia kusini. Ukipanda kuelekea hospitali ya KCMC au mtaa wa Shantytown, kila hatua inakivuta kigimbi, na kigimbi kinauvuta ule utepe wa unyayo. Ukirudi unateremka, magoti na visigino vinapokea kishindo. Anayeanza asipande wala asishuke. Akate mji kwa ubavu, mashariki kwenda magharibi, au azunguke uwanja wa mpira wa mtaani kwao, wa udongo au nyasi. Anza na dakika kumi. Kipimo kikikaa vizuri wiki nzima, ongeza dakika chache. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuzungumza lakini kuimba kukushinde. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafikishe angalau dakika 150 kwa wiki. Hizo ni za kufikia polepole, wala huanzi nazo. Masika njia zikiwa tope, tembea barazani au ndani kuliko kuteleza.

Mwishoni mwa Februari, Kilimanjaro Marathon inapokaribia, kila mtu anataka fulana ya kilomita 5. Watu waliokaa mwaka mzima wanaanza kukimbia Januari, na mwezi unaofuata wanachechemea. Ukiitamani, itembee, na ujiandae tangu Septemba.

Viatu tunavipata kwenye mitumba ya soko la Memorial, na humo vizuri vipo ukijua kuchagua. Nenda alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kama inavyovimba kila siku. Kamata kiatu ukikunje: kikunjike kwenye vidole, kisivunjike katikati. Bonyeza ukuta wa nyuma wa kisigino, uwe mgumu. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikilemaza na wewe utalemaa nacho. Bonyeza soli ya ndani kwa kidole gumba, sponji iliyokauka haina kazi hata kama juu kinang'aa.

Kuhusu dawa nitasema machache. Diklofenaki na ibuprofeni zinatuliza, lakini zinaumiza tumbo, zinapandisha presha na ni mzigo kwa figo. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa figo asizinunue bila kumwuliza daktari, na sindano ya maumivu isigeuke desturi ya kila mwisho wa mwezi.

Kuna dalili ambazo hazisubiri zoezi wala kesho. Ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, mkojo au choo kukataa au kutoka chenyewe, mguu kuishiwa nguvu: nenda hospitali saa hiyohiyo. Maumivu baada ya kuanguka au ajali nayo ni ya hospitali. Mgongo unaouma usiku hata umelala, pamoja na homa, kutokwa jasho usiku au kukonda, upimwe mapema, kwa kuwa kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo. Aliyewahi kuugua saratani asijipe muda.

Vinginevyo jipe miezi. Kiuno kilichoanza juzi mara nyingi kinatulia ndani ya wiki chache. Kisigino kinaweza kuchukua hata mwaka. Kama miezi miwili mitatu imepita na asubuhi zako hazijabadilika, anzia zahanati au hospitali ya Mawenzi, na ikihitajika omba rufaa ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Wakipiga picha wakaona kimfupa kimechomoza kisiginoni, usishtuke. Watu wengi wanacho na hawaumwi. Siku ya kwenda vaa viatu vyako vya kazini, vile vya kanisani viache nyumbani, na wabebee pakiti za dawa zote ulizokwisha kumeza.