Namna ya Kutumia Fedha Zako Kudai Hatua za Tabianchi Ukiwa Lamu

Mkazi wa Lamu mwenye kipato cha kawaida hujiuliza shilingi zake chache zitafanya nini mbele ya mradi wa mabilioni. Jibu limo katika kesi ya Kwasasi, palipopangwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira, iliutolea leseni mwaka 2016. Wakazi, wakiwemo wa muungano wa Save Lamu, wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na pia kwa kuwa tathmini ya athari haikuizingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Hoja kama hizo hujengwa kwa ushahidi wa vikao, barua na maelezo ya mashahidi, na ushahidi wa namna hiyo unaweza kugharimiwa na watu wa kawaida.

Anzeni kwa kuunda kundi. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, idadi ambayo baraza moja la mtaa linaweza kuitimiza. Kila mmoja atoe kwa mwezi kiasi ambacho hakitamlazimu kukopa dukani, fedha zikae katika akaunti yenye watia saini watatu, na hesabu isomwe mbele ya wote, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Zaka ina watu wake waliotajwa, basi isichanganywe na mfuko huu. Wakfu ni jambo jingine: kwa kuwa watu wa Lamu wamezoea tangu zamani kuweka wakfu nyumba na visima, mwenye chumba cha kupangisha anaweza kumuuliza kadhi kama kodi yake inaweza kuwekwa wakfu kwa ajili ya kuhifadhi mikoko.

Matumizi ya kwanza, na kwa maoni yangu yaliyo bora kuliko yote, ni nauli. Kikao cha ushirikishaji wa umma kikiitishwa mjini Amu au Mokowe, mvuvi wa Kizingitini au mama wa Faza anayeuza samaki hupoteza siku ya kazi na kulipa boti ya kwenda na kurudi. Asipofika, kumbukumbu zitaonyesha kwamba hakuwa na pingamizi. Lipieni boti, kisha mpeni mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri kazi ya kuandika tarehe, mahali, saa kikao kilipoanza, lugha iliyotumika, kama muhtasari wa ripoti ya tathmini ya athari uligawiwa kwa Kiswahili, ni nani aliyeomba kuzungumza akanyimwa, na swali gani liliachwa bila jibu. Karatasi hiyo isainiwe na waliohudhuria siku hiyo hiyo, na nakala mbili zihifadhiwe katika nyumba mbili tofauti. Fedha zikibaki, mlipeni mtu wa kufasiri sehemu muhimu za ripoti kwa Kiswahili, zisomwe barazani kabla ya kikao.

Tarehe nazo zina uzito wake. Ombi la habari kwa ofisi ya umma, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, halitozwi ada, isipokuwa gharama ya nakala, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Mkitaka kupinga leseni ya mazingira mbele ya Jopo, mna siku 60, kwa hiyo wakili atafutwe mapema, wala msisubiri hadi wiki ya mwisho. Mipango ya maendeleo ya kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwakilishi wa wadi aandikiwe kabla ya tarehe hizo, akiombwa jambo mahususi lenye jina la mahali, kwa mfano kupanda upya mikoko iliyokatwa katika mkondo fulani.

Wenye akiba benki au katika chama cha akiba na mikopo waulize kwa barua kama fedha zao hukopeshwa miradi ya makaa, na wanachama wa chama waulize swali hilo pia kwenye mkutano mkuu, ambako kila mmoja ana kura moja. Wakopeshaji hubadili msimamo: Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitangaza mwaka 2019 kwamba haitaufadhili mradi wa Lamu.

Maandamano ni haki chini ya Kifungu cha 37 cha Katiba. Ilani ipelekwe kituo cha polisi siku zisizopungua tatu wala kuzidi 14 kabla, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwa kundi.

Msiufunge mfuko mkishinda. Baada ya uamuzi wa 2019 kampuni iliyotaka kujenga mtambo huo ilikata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Malindi, na hukumu ya kuitupilia mbali ikatoka Oktoba 2025. Kwa miaka yote sita mashauri yalihitaji kufuatwa, kwa hiyo wekeni kando sehemu ya kila mchango kwa ajili ya rufaa, hata wakati ambapo hakuna kesi.