Kuomba ruzuku ya kupunguza madhara ya kamari: mwongozo kwa vikundi vya mitaa ya Mombasa

Maombi mengi ya ruzuku ya kamari yanayoandikwa na vikundi vyetu huanza hivi: “Vijana wameathirika sana na kamari, kwa hivyo tunataka kuwahamasisha.” Kisha hufuata semina ya siku mbili, fulana, chai na bango. Nimewaandikia vikundi maombi kwa miaka, na nimekaa pia upande wa pili wa meza, kwenye kamati inayoyachambua. Ombi la namna hiyo huwekwa kando mapema kwa sababu halielezi ni nini kimeharibika, kwa nani, na mtajuaje kwamba kimeanza kutengenea. Kijana wa Mshomoroni anayebeti kila siku anajua vizuri kwamba kamari inamla. Anachokosa ni mahali pa kwenda Jumamosi jioni na mtu wa kukaa naye wapange deni lake.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo kinachoomba kati ya laki mbili na laki tano. Ukitaka zaidi ya hapo, hatua ni zilezile ila karatasi zinaongezeka.

Hatua ya 1: Tafuta madhara, uyaandike kwa anwani

Hii ndiyo kazi kubwa, na ifanyike kabla hujafungua fomu yoyote. Tengeni wiki tatu au nne.

Chagueni eneo dogo mnalolijua: kijiji kimoja ndani ya Mtopanga, upande mmoja wa Chaani, au vijiwe vya bodaboda kutoka Likoni feri hadi Mtongwe. Msiandike “Kaunti ya Mombasa.” Kaunti ina maeneo bunge sita na wadi thelathini, na hakuna kikundi cha watu kumi na wawili kitakachoitumikia yote kwa laki nne.

Halafu zungumzeni na wale ambao madhara huwafikia kwanza, na mara nyingi si wachezaji. Mwenye nyumba anajua ni wapangaji gani kodi yao ilianza kuchelewa. Mwenye pikipiki anajua ni dereva gani hafikishi pesa ya siku. Mwenye duka ana daftari la madeni. Mwalimu anajua mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Mweka hazina wa chama anajua hesabu zilizopungua. Mke anajua yote, na ndiye wa mwisho kuulizwa. Waulizeni kwa upole, msitake majina, andikeni mnachosikia: kodi, karo, chakula, mali iliyouzwa, ugomvi, usingizi uliopotea kwa mechi za usiku au mchezo wa ndege ya Aviator. Mikopo ya simu iangalieni kwa makini. Tangu Fuliza, huduma ya kukopa ndani ya M-Pesa, ije mwaka 2019, mtu anaweza kutumia pesa asiyokuwa nayo kwa kubonyeza simu tu, na deni lake lisionekane na yeyote nyumbani.

Kwa wachezaji wenyewe msianze na “Je, unacheza kamari?” Huku kwetu kamari ni haramu kwa Waislamu na ni aibu makanisani. Ukiuliza hivyo nje ya msikiti baada ya sala utaandika sufuri mpaka jioni. Upo utaratibu wa maswali tisa unaotumika nchi nyingi, uliotoka Kanada mwaka 2001, unaojulikana kwa kifupi kama PGSI. Unauliza kuhusu miezi 12 iliyopita: umewahi kuweka pesa ambazo usingemudu kuzipoteza? Umerudi siku nyingine kutafuta ulichopoteza? Umekopa au kuuza kitu upate pesa ya kuchezea? Kila jibu lina alama kutoka 0 hadi 3, na jumla ya 8 kwenda juu ni dalili ya tatizo kubwa. Tafsirini kwa Kiswahili cha mtaani kwenu, mkisomee watu wachache mkiona kinaeleweka, ndipo mtumie. Mjibu swali ajaze mwenyewe, bila jina.

Jambo moja kuhusu takwimu za kitaifa. Utafiti wa GeoPoll wa mwaka 2017 ulisema asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa wamewahi kucheza kamari. Nambari hiyo imenakiliwa kwenye maombi mengi mno. Ni ya vijana waliohojiwa kwa simu, na kuwahi kucheza si sawa na kuumia. Itaje mara moja ukipenda, kisha ilete ya kijiji chako. Watu 40 mliowahoji wenyewe wana uzito kuliko asilimia ya nchi nzima.

Hatua ya 2: Karatasi

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka angalau wanachama kumi, na usajili hufanywa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya eneo lenu. Wekeni tayari cheti kilicho hai, katiba ya kikundi, kumbukumbu za mikutano, orodha ya viongozi na vitambulisho vyao, PIN ya KRA ya kikundi, na akaunti ya benki inayohitaji saini za watu zaidi ya mmoja. Akaunti ya simu ya mwenyekiti haitoshi, hata kama kila mtu anamwamini.

Kama cheti hakijatoka, ombeni kupitia shirika lililosajiliwa ambalo litapokea pesa kwa niaba yenu. Andikianeni makubaliano kabla ya kutuma ombi: litakata asilimia ngapi, na pesa zitawafikia baada ya siku ngapi.

Hatua ya 3: Pa kuomba, na pa kutoomba

Anzeni karibu. Ofisi ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti ina fedha za NGAAF, mfuko wa serikali kuu wa kuyainua makundi yaliyoachwa nyuma, na makundi yaliyo hatarini yamo ndani ya malengo yake. Mfuko wa maendeleo ya jamii wa KCDF (Kenya Community Development Foundation), ulioanza mwaka 1997, hufadhili kazi za jamii nchini. Balozi kadhaa jijini Nairobi hutoa ruzuku ndogo. Ni nadra kukuta tangazo lenye neno kamari, kwa hiyo someni matangazo ya afya ya akili, vijana, ukatili wa kijinsia na madeni ya kaya. Kazi yenu inaingia kwenye yote hayo, mradi muieleze kwa lugha ya tangazo husika.

Serikali ya kaunti pia inahusika. Jedwali la Nne la Katiba limeweka kamari, kasino na michezo ya namna hiyo ndani ya majukumu ya kaunti, sambamba na nafasi ya serikali kuu. Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya mwaka 2025 nayo imeunda mamlaka mpya ya kusimamia sekta. Mkitaja sheria hizi mbili kwa usahihi katika aya moja, msomaji anajua anaongea na watu waliosoma.

Sasa pesa za kampuni za kamari. Mtapewa, na zitakuja haraka, bila masharti mengi kwenye karatasi. Ushauri wangu ni mzikatae. Ujumbe wao wa “cheza kwa uwajibikaji” unamtwika mchezaji mzigo wote na kuuacha mchezo wenyewe bila swali. Siku kaunti itakapoita wananchi watoe maoni kuhusu mashine za kamari karibu na shule, nani kati yenu atasimama na kusema? Na mama ambaye mumewe amemaliza akiba ya nyumba hataingia kwenye chumba kilichotundikwa nembo ya kampuni iliyoichukua. Wapo pia wafadhili wasiotoa ruzuku kwa kikundi chenye uhusiano huo. Andikeni uamuzi wenu kwenye kumbukumbu za mkutano na muuambatanishe na ombi.

Hatua ya 4: Andika ombi

Linganisha aya hizi mbili. Ya kwanza: “Mradi utawahamasisha vijana 500 kuhusu madhara ya kamari ili kujenga jamii yenye maadili.”

Ya pili, ambayo nambari zake ni za mfano tu, wekeni zenu: “Katika vijiwe vitatu vya bodaboda tulivyotembelea, madereva 17 kati ya 40 walipata alama 8 au zaidi. Tisa kati yao wameshindwa kumfikishia mwenye pikipiki pesa ya siku mara kwa mara mwezi uliopita. Kwa miezi sita tutaendesha kikao cha kila wiki cha kupanga madeni na kuwasikiliza wenzi wao. Tunataka angalau kumi kati ya hao 17 wafike vikao vitatu au zaidi, na angalau sita wawe wamepunguza deni la simu.”

Aya ya pili ina mahali, watu, kipimo na kiasi cha unyenyekevu. Usiogope kuahidi kidogo. Mchambuzi huogopa zaidi anayeahidi watu elfu.

Elezeni siku na saa pia. Ligi za Ulaya huchezwa kuanzia Agosti hadi Mei, na Jumamosi jioni ndiyo saa ngumu zaidi ya wiki, kwa hivyo kikao cha saa kumi Jumamosi kina maana kuliko cha Jumanne asubuhi. Mwezi wa Ramadhani hamisheni kikao kiwe baada ya tarawehe. Kuyaandika haya kunaonyesha kwamba mnawajua watu wenu.

Lazima pawe na njia ya kumpeleka mtu aliyezidiwa. Deni la kamari huweza kumfikisha mtu kwenye mawazo ya kujiua, na wasikilizaji wenu wa kujitolea wasiachwe wabebe hilo peke yao. Pateni barua ya kukubaliana na kituo cha afya au kitengo cha afya ya akili cha hospitali, na muweke nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, isiyotozwa, kwenye kila karatasi mnayogawa. Wakumbusheni watu kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha Katiba. Wengine bado hawaendi hospitali kwa kuogopa polisi.

Hatua ya 5: Bajeti

Mfano wa miezi sita, vikao 24, jumla Sh400,000: mshauri nasaha Sh5,000 kwa kikao, yaani 120,000. Posho ya wasikilizaji wanne Sh4,000 kila mmoja kwa mwezi, 96,000. Chakula na nauli kwa watu 15 kwa Sh200, vikao 24, 72,000. Ufuatiliaji wa nyumba kwa nyumba 40,000. Uchapishaji na muda wa simu 32,000. Kuchora ramani ya mashine karibu na shule na kuhudhuria mikutano ya umma 20,000. Benki na uwekaji hesabu 20,000. Ukumbi wa madrasa au kanisa andikeni kama mchango wenu, kwa thamani yake.

Msimpe mhudhuriaji pesa taslimu mkononi. Mtu anayepambana na kamari akipewa nauli dakika chache kabla ya mechi, mmemweka kwenye jaribu ambalo yeye mwenyewe amekuja kulikimbia. Mlipeni mwenye tuktuk moja kwa moja, na mgawe chakula. Vilevile msitumie ruzuku kulipa madeni ya watu. Deni likifutwa na kikundi, nafasi ya kukopa inafunguka upya.

Hatua ya 6: Mtakachopima

Idadi ya “waliofikiwa” haisemi kitu. Hesabuni waliorudi mara ya tatu, alama za PGSI mwanzo na mwisho, kiasi cha deni la simu kama mwenyewe anavyokionyesha kwenye taarifa yake ya M-Pesa, na nyumba ambazo mume na mke wamekubaliana nani ashike pesa ya kodi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu, na taarifa za afya ya mtu zina ulinzi wa ziada. Mpeni kila mtu nambari. Orodha inayounganisha nambari na jina ikae kwa mtu mmoja, ndani ya sanduku lenye kufuli, na isipigwe picha wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Mtaani kwetu karatasi moja ikidondoka inaweza kuvunja ndoa au kumfukuzisha mtu kazi bandarini. Andikeni utaratibu huu kwenye ombi kwa mistari mitano.

Hatua ya 7: Kutuma, na baada ya kutuma

Tumeni siku mbili kabla ya mwisho. Mtu asiye mwanachama alisome kwanza na awaambie kwa maneno yake mnataka kufanya nini. Akishindwa, rudini hatua ya nne.

Mfadhili akija kuwatembelea, mpelekeni kwenye kijiwe, mumwonyeshe daftari la nambari, mumkutanishe na mshauri na mwenye pikipiki. Msimwite mchezaji asimame mbele ya wageni aeleze maisha yake. Akitaka mwenyewe kuzungumza, iwe faragha, na picha zisipigwe.

Jibu likiwa hapana, ombeni sababu kwa maandishi, kwani wengi hujibu. Wakati mnasubiri tangazo lingine, ramani ya mashine na matokeo ya maswali tisa tayari ni mali yenu. Yapelekeni kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi, na kwenye kikao kijacho cha maoni ya umma cha kaunti, mkiwa na nakala za kugawa.